Klarineti iliyopiga yowe: uchambuzi wa kisa cha bendi moja ya kanisa, Mbeya

Mazingira

Kanisa sitalitaja, wala mtaa. Ni Mbeya mjini, upande ule ambao ukifungua mlango asubuhi mlima Loleza unakutazama, na lina bendi ya matarumbeta kama makanisa mengi ya huku. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891, na mapenzi ya Wajerumani kwa vyombo vya shaba yamebaki kwetu hadi leo: harusi, msiba, mavuno, kote utasikia tarumbeta, tromboni na tuba. Bendi yetu ina wapigaji 13. Mimi ndiye mwalimu wao. Nilijifunza tarumbeta, klarineti sikuwahi kuigusa, na kutojua huko kulikuwa sehemu ya tatizo, kama utakavyoona.

Chombo chenyewe, klarineti, kililetwa mwezi wa pili na wageni kutoka ng'ambo, ndani ya sanduku dogo jeusi lenye kitambaa chekundu. Kilikuwa kimelala vipande vitano, na mzee mmoja wa kanisa aliuliza kwa upole kama tumeletewa bunduki. Tulimkabidhi kijana wa miaka 17 aliyekuwa hodari wa filimbi ya plastiki, ile ya shuleni. Katika maelezo haya namwita kijana tu. Baadhi ya mambo madogo nimeyabadilisha ili asitambulike.

Chombo chenyewe

Bila kukijua chombo, kisa hiki hakieleweki, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Juu kabisa kuna kipande cha mdomoni, kimekatwa mshazari kama mdomo wa bata. Kwenye ubapa wake hufungwa ulimi mwembamba wa mwanzi, ambao wapigaji wengi huuita ridi, ukishikwa na kibano chenye skrubu. Mwanzi huo una sifa yake, na ule unaosifika zaidi hulimwa kusini mwa Ufaransa. Ukipuliza, ulimi hutetemeka, unafungua na kufunga mlango wa hewa mamia ya mara kwa sekunde. Sauti huanzia hapo.

Chini ya kipande cha mdomoni kuna shingo fupi, iliyotuna katikati kama pipa. Ukiivuta kidogo chombo kinarefuka na sauti inashuka. Ukiisukuma hadi mwisho sauti inapanda, lakini zaidi ya hapo haipandi. Hufuata kipande cha juu, cha mkono wa kushoto, kisha kipande cha chini, cha mkono wa kulia, na mwisho kengele. Watu hudhani sauti yote hutokea kwenye kengele kama kwa tarumbeta. Si kweli. Noti nyingi hutokea kwenye matundu ya pembeni, na kengele inahitajika zaidi noti za chini kabisa zinapopigwa, matundu karibu yote yakiwa yamezibwa.

Maungio hufungwa kwa kizibo, lile gome jepesi linaloziba chupa za divai. Klarineti yetu ilikuwa na funguo 17 na pete 6, mpangilio ambao mpiga klarineti Klosé na mtengenezaji wa vyombo Buffet waliuunda Ufaransa kati ya mwaka 1839 na 1843. Kila ufunguo una springi yake, na chini ya kikombe chake kuna pedi: sufi iliyofunikwa kwa utando mwembamba sana. Funguo nyingine hukaa wazi hadi uzibonyeze, nyingine hukaa zimefungwa muda wote hadi uziite. Zilizotusumbua ni hizi zinazokaa zimefungwa.

Sasa jambo linalowachanganya wote watokao kwenye filimbi. Bomba la klarineti lina kipenyo karibu kilekile kwa sehemu kubwa ya urefu wake, na upande wa mdomoni linafanya kazi kama bomba lililozibwa. Kwa sababu hiyo noti yake ya chini iko karibu oktava nzima (umbali wa do hadi do inayofuata) chini ya ile ya filimbi ya okestra, ingawa urefu wao unakaribiana. Kwa sababu hiyohiyo, ukitaka kwenda juu hauruki oktava moja. Unaruka oktava moja na tano yake. Vidole vilivyokupa do ya chini, ukibonyeza ufunguo wa nyuma kwa kidole gumba, vinakupa so ya juu. Ufunguo huo, wa rejista, hufungua tundu dogo sana karibu na kileleni. Hewa kidogo inapenya hapo, noti ya chini inashindwa kusimama, na chombo kinaruka juu.

Kwa maneno mengine, ufunguo wa rejista ni uvujaji wa makusudi. Laiti ningelielewa hilo mwezi wa tatu.

Wiki tano za kumlaumu kijana

Kijana alianza vizuri. Noti za mkono wa kushoto zilitoka, nyembamba lakini safi. Akiongeza vidole vya mkono wa kulia kushuka chini, chombo kilipiga yowe. Sio mkwaruzo mdogo. Lilikuwa yowe la jogoo aliyekanyagwa. Wapiga tromboni walicheka hadi mazoezi yakasimama.

Nilitazama vidole vyake, nikamwambia havizibi matundu. Maelezo hayo si ya kijinga: kwa mwanafunzi mpya, tundu lililozibwa nusu ndiyo sababu ya kwanza ya kuitafuta. Alijitahidi. Akawa anabonyeza kwa nguvu hadi pete zinaacha alama ya duara kwenye ncha za vidole, na siku moja alininyooshea mkono bila kusema neno ili nizione. Nilimwambia aendelee hivyohivyo.

Wiki ya tatu nikahamia kwenye ulimi. Niliagiza Dar es Salaam ulimi namba 3 badala ya namba 2 aliokuwa nao, kwa hoja kwamba ulimi mgumu hautaruka hovyo. Ulimi mgumu unataka pumzi nyingi na midomo iliyokomaa. Kijana hakuwa na kimoja wala kingine. Sasa hata noti za kushoto zikawa na upepo mwingi kuliko sauti.

Wiki ya nne nilifanya kosa ambalo hadi leo linaniudhi kuliko mengine. Jioni moja nilibadilisha ulimi, nikasogeza kibano, nikasukuma shingo hadi mwisho, na nikakaza skrubu tatu zilizoonekana kulegea. Chombo kikabadilika kidogo, sijui kutokana na lipi. Ufunguo mmoja ukaanza kurudi kwa uvivu, kwa sababu skrubu yake haikupaswa kukazwa kiasi kile. Nilikuwa nimeongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Wiki ya tano kijana akasema, "Mwalimu, labda mimi nirudi kwenye ngoma."

Jioni kwa fundi saa

Nilikwenda Mwanjelwa kutafuta bisibisi ndogo ya kulegeza ile skrubu, nikamkuta fundi saa mmoja, mtu mzima, meza yake ina kioo juu na taa imeinamishwa. Sikukusudia kumwonyesha kisa chote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Hiyo saa gani ndefu namna hiyo?"

Nilimweleza. Hakuwa amewahi kuishika klarineti, ila alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama nimekipima kipande kwa kipande. Nikasema kijana vidole vyake bado. Akajibu bila kuinua macho: "Saa ikisimama, mimi siangalii mkono wa aliyeivaa."

Tulikipima hapohapo. Kipande cha juu peke yake: kijana, niliyekuwa nimekwenda naye, akaziba matundu yake yote kwa vidole, fundi akaziba sehemu ya chini kwa kiganja, nami nikanyonya hewa kwa juu. Kipande kizima kingepaswa kuushika mdomo, kishikilie sekunde kadhaa, na ukikiachia kilie kama kizibo kinachong'olewa. Chetu kilitoa sss nyembamba na hakikushika kitu. Tukakirudia mimi nikiziba badala ya kijana. Sss ileile. Kipande cha chini, huku ufunguo wa noti ya chini kabisa umebonyezwa, kilishika vizuri.

Kwa dakika tano, basi, tuliondoa nusu ya chombo kwenye orodha ya watuhumiwa, na vidole vya kijana pamoja nayo.

Kutafuta tundu lenyewe tulitumia karatasi ya sigara. Unakata ukanda mwembamba, unauweka chini ya pedi, unaacha ufunguo ujifunge, kisha unauvuta polepole. Karatasi inatakiwa ikwame kwa nguvu ileile pande zote. Ufunguo wa kwanza ulikwama. Wa pili, mmoja wa funguo ndogo za pembeni zinazotumika kutetemesha noti, ulikwama upande mmoja, na upande wa pili karatasi ikatoka kama unaichomoa kwenye kitabu. Tuliung'oa. Utando wa pedi ulikuwa umechanika na sufi ya ndani imeliwa na wadudu, imebaki kama mkate uliotafunwa na panya.

Ufunguo huo huwezi kuushuku. Unakaa umefungwa, na kijana hakuwa ameugusa hata siku moja. Lakini tundu lake liko juu, karibu na lile la rejista, na uvujaji mdogo pale unafanya kazi ya rejista. Kila kijana alipoziba matundu yote kushuka chini, chombo kilikuwa kinaambiwa na vidole "shuka" na kinaambiwa na pedi mbovu "ruka".

Uamuzi wa kuziba: pedi ya kizibo

Kuagiza seti ya pedi kungechukua wiki. Fundi alipendekeza ngozi ya kiatu. Nikaikataa, kwa sababu ngozi ile ni nene na haijinyooshi. Kwenye funguo ndogo za kipande cha juu pedi za kizibo hutumika hata na mafundi wa chombo hiki, na kizibo tulikuwa nacho: cha chupa ya divai ya meza ya Bwana. Fundi alikikata kwa wembe kipande cha unene wa milimita 2 hivi, akakisugua juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo hadi uso ukawa laini, akakiduarisha kwa kukizungusha. Kwenye kikombe cha ufunguo aliweka tone la gundi ya kuyeyuka kwa moto. Kwanza aliuchomoa ufunguo kwenye mti kabisa, jambo ambalo mwenye haraka angeliruka, kisha akakipasha kikombe kwa kiberiti cha gesi. Akaurudisha na kuubonyeza ukiwa bado na uvuguvugu, ili pedi ijipange yenyewe juu ya tundu.

Tukapima tena. Kipande kilininasa mdomo. Kijana akaunganisha chombo, akarudisha ulimi wake wa namba 2, akashuka kutoka so hadi noti ya chini kabisa bila kituo. Wauza mitumba wa jirani waligeuka kutazama.

Hapa fundi alituonya jambo jingine kwa kulitazama tu. Kati ya kipande cha juu na cha chini kuna daraja, vidole viwili vya chuma vinavyokutana ili pete za mkono mmoja zifanye kazi na ufunguo wa mkono wa pili. Kijana alikuwa anaunganisha kwa kusokota kwa nguvu, chuma kikigonga chuma. Ukibonyeza pete za kipande cha juu wakati wa kuunganisha, daraja linainuka na kupisha. Tangu siku ile hufanya hivyo.

"Iko chini"

Nilidhani tumemaliza. Jumamosi, bendi nzima ikiwa pamoja, klarineti ilisikika chini kuliko wote. Mpiga tuba akasema chombo hicho ni cha kanisa lingine.

Safari hii sikugusa skrubu. Nilifungua programu ya kupimia sauti kwenye simu, nikamwambia kijana apige do kama chati yake inavyosema. Simu ikaonyesha noti ya si bapa (B♭). Tofauti ilikuwa toni nzima, kamili, kama kutoka do hadi re. Toni nzima haitokani na shingo kuvutwa. Shingo ilikuwa imeshasukumwa hadi mwisho. Klarineti ya kawaida huandikiwa noti moja na kutoa sauti iliyo toni moja chini yake. Tarumbeta zetu nazo ni za aina hiyohiyo, lakini sisi tunafuata desturi ya bendi za kanisa za Kijerumani: mpiga tarumbeta hufundishwa tangu mwanzo kusoma sauti inayosikika. Kwa hiyo karatasi ileile ilisomwa kwa lugha mbili.

Kulikuwa na njia mbili. Kumfundisha kijana majina mapya ya vidole, alingane na sisi, au kumwandikia karatasi zake toni moja juu. Nilichagua ya pili. Chati na vitabu vyote vya klarineti atakavyokutana navyo vitakuwa vya kawaida, na nisingependa awe yatima wa desturi yetu. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoogopa, kwani nyimbo zetu nyingi ziko kwa sol-fa, ambamo do haifungwi kwenye noti moja: bendi do ikiwa F, yeye do yake ni G. Maneno mengine yote yanabaki.

Asubuhi ya Julai

Julai, Mbeya, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ibada ya nje. Chombo kilikuwa kimelala stoo isiyo na dari. Anayeijua Uyole mwezi huo hahitaji maelezo. Kijana alikitoa sandukuni na kupuliza papo hapo kwa nguvu, kwa sababu kilikuwa kinasikika chini na mimi nilimwashiria apandishe.

Kilisikika chini kwa sababu ya baridi. Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde penye nyuzi 20, na hupungua karibu mita 0.6 kwa kila nyuzi inayoshuka. Bomba lenye hewa baridi hutoa noti za chini. Dawa yake ni kukipasha chombo kwapani na kupuliza pumzi ya pole. Sisi tulikipasha ndani kwa ghafla, kwa pumzi ya moto yenye unyevu, nje kukiwa na baridi kali na ukavu wa kiangazi. Mti wa ndani ukatanuka, wa nje ukagoma. Baada ya ibada tuliona ufa kama unywele, umeanzia kilele cha kipande cha juu ukielekea tundu la funguo zile ndogo.

Nilikipeleka kwa mchongaji wa vinyago. Alikipima kiganjani, akatia kucha ndani ya kengele, akacheka. "Mwalimu, huu ni mpingo."

Mimi nilidhani ni plastiki nzuri. Klarineti nyingi za mti hutengenezwa kwa mpingo, na mpingo mwingi wa kazi hiyo hutoka Tanzania na Msumbiji. Kwetu ni Lindi, Kilwa na kusini kwa jumla. Ni mti mzito kiasi cha kuzama majini. Unatumika kwa sababu ni mgumu, unakubali kutobolewa tundu lenye kingo kali, na hauyumbi sana kwa unyevu. Hauyumbi sana, ila unayumba. Kipande kile pengine kilitoka kwetu kama gogo, kikaenda Ulaya, kikarudi Mbeya kupasuka kwa baridi yetu wenyewe.

Mchongaji alikwangua unga wa mpingo kutoka kwenye masalio yake, akaujaza kwenye ufa, akadondosha gundi kali ya maji (super glue), akafunga kwa uzi na kuacha hadi kesho yake. Ufa ulizibika. Gundi ikatiririka hadi kwenye nguzo ya ufunguo mmoja na kuugandisha. Tuliufungua kwa ncha ya pamba yenye dawa ya kufutia rangi ya kucha, ile yenye asetoni, tukiwa makini isiguse kipande cha mdomoni, ambacho asetoni ingekiharibu. Kosa hilo lilikuwa langu. Mchongaji aliniuliza kama ang'oe funguo kwanza, nikasema hapana, tuna haraka.

Matokeo

Kijana alipiga klarineti Sikukuu ya Mavuno, nyimbo nne, bila yowe. Noti moja, ile si bapa (B♭) ya katikati, bado inatoka kama mtu mwenye mafua. Hiyo ni tabia ya chombo: tundu dogo la rejista linalazimishwa kuitoa noti hiyo pia, na kwa kazi hizo mbili linaridhisha moja tu vizuri.

Uchambuzi: tulipokosea na tulipopata

Malalamiko yalikuwa mamoja, "klarineti haiingii", lakini makosa yalikuwa matatu yasiyohusiana: pedi, namna ya kuandika noti, na baridi. Mimi nilitafuta sababu moja ya yote, na niliitafuta kwa mtu aliyekuwa dhaifu kuliko wote chumbani. Kijana hakuwa na maneno ya kujitetea. Kigezo kilikuwepo, ningejali: yowe lilitokea palepale kila siku. Vidole vya mwanafunzi hukosea huku na kule. Chombo kibovu hukosea mahali pamoja.

Kipimo cha nusu nusu kilifaa kwa sababu hakihitaji kujua muziki. Fundi saa hakujua do wala re. Nami kutojua kwangu klarineti kusingekuwa na madhara makubwa, kama nisingekuwa najua tarumbeta: kwenye tarumbeta hakuna safu ya pedi za kuvuja, na ninyi wenzangu wa shaba mtanielewa nikisema kwamba tumezoea kosa liwe la midomo.

Uamuzi wa kizibo naona ulikuwa sahihi, na ule wa sol-fa pia. Ulimi namba 3 ulikuwa pesa iliyopotea. Wa kubadilisha mambo manne jioni moja sina la kuutetea. Kuhusu ufa sina hakika tungeuepuka kabisa, kwa kuwa mti ulitoka kwenye hewa nyingine na kiangazi cha huku ni kikavu. Lakini stoo ile isiyo na dari na ishara yangu ya "pandisha" viliuharakisha. Sasa chombo hulala nyumbani kwa kijana, chumba kilicho mbali na jiko la mkaa, na baada ya kila zoezi hupitishiwa kitambaa ndani.

Mwisho wa ufa nimeuwekea alama ya penseli nyeupe ya fundi cherehani. Kila Jumamosi kijana huuangalia kabla ya kuunganisha, na hadi naandika haya haujavuka.